VAR ina makosa yake, Simba na Yanga nao wana yao

PIYAYA ni kata ya wafugaji iliyo ndani ya Wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha. Ukiwa huko, Uwanja wa Benjamin Mkapa ni safari ya kupanga kwa siku nyingi: barabara ya vumbi kwanza, lami baadaye, kisha basi la usiku au la alfajiri kwenda Dar es Salaam. Shabiki wa huko anaweza kuipenda timu yake miaka kumi bila kukanyaga jukwaani hata siku moja.

Lakini kwa ubishi wa Simba na Yanga, Piyaya iko jirani kabisa na Jangwani na Msimbazi. Ng'ombe wakishaingia bomani, simu zikishachajiwa kwa sola, watu wanaanza kusogea panapoonyeshwa mpira. Mwenye redio anakaa na redio yake, mwenye simu yenye kifurushi anazungukwa na wenzake saba. Mechi ikiisha kwenye runinga, nyingine ndiyo kwanza inaanza nje, na hiyo haina dakika 90.

Miaka ya karibuni mechi hiyo ya pili imepata jina jipya: VAR.

Zamani ubishi ulikuwa mwepesi. Refa kachemka, mshika kibendera kalala, yakaisha. Sasa kuna mtu wa tatu, amekaa kwenye chumba chenye runinga nyingi, haonekani, hasikiki, na anaweza kufuta goli ambalo watu wameshalishangilia mpaka wamemwagiana chai. Kila timu ikitolewa, yeye ndiye wa kwanza kutajwa. "Yero, tumeibiwa." Mjadala unafungwa hapo, na kocha, mabeki na washambuliaji wote wanakwenda kulala salama.

Hapo ndipo kwenye tatizo. VAR inakosea, tena wakati mwingine inakosea vibaya, na shabiki ana haki ya kupiga kelele. Ila shabiki huyohuyo akiifanya VAR kuwa jibu la kila swali, anayefaidika ni yule aliyecheza ovyo.

Kesi kubwa kuliko zote inajulikana. Ijumaa ya Aprili 5, 2024, pale Loftus Versfeld, Pretoria, Yanga walikuwa wanarudiana na Mamelodi Sundowns, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mechi ya kwanza kwa Mkapa, Machi 30, ilikuwa suluhu. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki akaachia shuti, mpira ukagonga mtambaa panya, ukadunda chini, ukatoka. Wachezaji wa Yanga wakainua mikono. Mwamuzi Dahane Beida wa Mauritania akasikiliza chumba cha VAR, akaamua si goli. Mechi ikaisha 0-0, wakaenda kwenye matuta, Sundowns wakapita kwa 3-2.

Kuanzia usiku ule, picha moja ya mnato ilizunguka nchi nzima. Mpira unaonekana umevuka mstari. Ilifika Kariakoo, ilifika Karatu, ilifika Loliondo, na Piyaya nayo haikukosa. Ukimwambia shabiki wa Yanga leo kwamba lile halikuwa goli, jiandae kulala na njaa kama ulikuwa mgeni wake.

Shabiki huyo hadai hewa. Picha zilizorushwa zilionyesha mpira ulioonekana kuvuka. Klabu yenyewe iliandika malalamiko rasmi kwenda CAF. Hasira zilipozidi, watu wakakumbushana kwamba rais wa CAF, Patrice Motsepe, ndiye aliyekuwa mmiliki wa Sundowns kabla ya kushika wadhifa huo mwaka 2021. Jambo hilo peke yake haliwi ushahidi kwamba refa alipewa maelekezo. Lakini penye ukimya watu hujaza wenyewe, na siku ile ukimya ulikuwa mwingi.

Sasa, yapo mambo mawili ya kiufundi ambayo kwenye ubishi wa usiku huwa yanapotea, na ni vizuri yakawekwa sawa.

La kwanza: sheria inasema mpira wote lazima uvuke mstari wote. Ukibaki hata upande mdogo wa mpira juu ya mstari, ukitazama kutoka juu moja kwa moja, si goli. Hapo ndipo macho yanapodanganya. Mfugaji wa Piyaya analijua hili kuliko mtu wa mjini. Ukisimama pembeni ya lango la boma, kwa mshazari, utaapa ng'ombe ameshaingia wote. Aliyesimama sawa na mwimo wa lango anaona miguu ya nyuma bado iko nje. Ng'ombe ni yuleyule, lango ni lilelile, kilichobadilika ni mahali aliposimama mtazamaji. Kamera ya runinga nayo ni hivyohivyo. Isipokuwa sambamba na mstari wa goli, inaweza kulitoa goli lililokuwepo au kuleta ambalo halikuwepo.

La pili: VAR na teknolojia ya mstari wa goli ni vitu viwili tofauti. VAR inatumia picha za kamera za kurushia matangazo. Teknolojia ya mstari wa goli ina mitambo yake maalumu iliyofungwa kwa ajili ya lango, na mpira ukivuka saa ya refa inampa ishara palepale. Penye mitambo hiyo ubishi wa goli au si goli unakufa ndani ya sekunde moja. Penye VAR tupu, jamaa wa chumbani anabaki kutazama picha zilezile ambazo mtu wa Piyaya anazitazama, labda na kona mbili tatu zaidi.

Na kuna lingine lililowauma wengi: kwa nini refa hakwenda kutazama runinga ya pembeni? Utaratibu wa VAR unaruhusu asiende. Jambo la tafsiri, mfano ukali wa rafu au mpira wa mkono, refa huitwa akaone mwenyewe. Jambo la kipimo, kama kuotea au mpira kuvuka mstari, chumba kinaweza kumpa jibu naye akalipokea. Na Beida hakuwa refa wa kuokota. Miezi miwili kabla, Februari 11, 2024, yeye ndiye aliyechezesha fainali ya AFCON kati ya Ivory Coast na Nigeria.

Kwa hiyo lawama ya kwamba "hakwenda kwenye runinga" haina nguvu sana. Lawama yenye nguvu ni hii: uamuzi mzito kiasi kile ulihitaji maelezo ya wazi mbele ya umma. Kamera ipi ilitumika? Chumba kilimwambia nini refa? Walitazama kwa muda gani? Mtu akielezwa hivyo anaweza bado kukasirika, lakini anakasirikia kitu anachokijua.

Wenzao wa Uingereza waliwahi kufanya hivyo. Septemba 30, 2023, Luis Diaz aliifungia Liverpool dhidi ya Tottenham, goli likakataliwa kwa kuotea wakati hakuwa ameotea. Chumba cha VAR kilidhani uwanjani limekubaliwa, kikasema sawa, mechi ikaendelea. Liverpool wakalala 2-1. Chombo cha waamuzi cha huko kikakiri kosa usiku uleule, na siku chache baadaye kikatoa sauti za mazungumzo ya waamuzi, dunia nzima ikasikia jinsi watu walivyochanganyikiwa. Goli halikurudi, pointi hazikurudi. Ila hakuna shabiki aliyebaki kubuni hadithi, kwa sababu hadithi yenyewe ilikuwa imeshatolewa na wenyewe.

Hicho ndicho cha kudai kwa CAF. Sauti zitolewe na maelezo yatolewe. Anayetaka watu waiamini VAR lazima akubali kuhojiwa kuhusu VAR.

Mpaka hapo Wananchi wanapiga makofi. Sasa waendelee kusoma.

Mechi zile mbili na Sundowns zilikuwa na dakika 180. Ndani ya dakika hizo Yanga walipata shuti moja la kubishania mpaka leo, na hawakupata goli lolote lisilo na ubishi, si Dar es Salaam wala Pretoria. Timu hiyohiyo mwezi mmoja kabla, Februari 24, iliwapiga CR Belouizdad 4-0 palepale kwa Mkapa na kufuzu robo fainali. Mbele ya watu wake, dhidi ya Sundowns waliokuja kucheza kwa tahadhari, makali yale yalikwenda wapi? Na kwenye matuta, ambako hakuna kuotea wala mstari wa kubishania kwa picha, zilipatikana mbili tu. Hayo ni maswali ya mpira. Yalistahili kuulizwa kwa sauti ileile iliyotumika kumuuliza Beida. Kwenye vibanda vingi hayakuulizwa kabisa.

Wekundu wa Msimbazi wasicheke. Zamu yao ilifika mwaka mmoja baadaye.

Fainali ya Kombe la Shirikisho, Mei 2025, Simba na RS Berkane ya Morocco. Mechi ya kwanza Mei 17 kule Berkane, Simba wakafungwa 2-0. Marudiano yakapelekwa Amaan, Zanzibar, Jumapili ya Mei 25, badala ya kwa Mkapa, na hilo nalo lilikuwa na manung'uniko yake. Joshua Mutale akafunga mapema, Amaan ikawaka. Kipindi cha pili Yusuf Kagoma akaonyeshwa kadi nyekundu, Simba wakabaki 10. Hata hivyo wakasukuma, Steven Mukwala akaweka mpira wavuni, jumla ikawa inasoma 2-2. Watu walipokuwa bado wanakumbatiana, VAR ikasema ameotea. Goli likafutwa. Dakika za lala salama Berkane wakasawazisha, 1-1, kombe likaondoka kwa jumla ya 3-1.

Mashabiki wa Simba waliofuata mechi ile wanakumbuka zaidi ule mstari uliochorwa kwenye runinga kuonyesha Mukwala ameotea. Wachache wanakumbuka kwamba kule Berkane magoli yote mawili yaliingia ndani ya robo saa ya kwanza. Robo saa! Timu imesafiri mpaka Morocco kucheza fainali ya Afrika, na kabla mtu hajakaa vizuri kwenye benchi lake imeshapigwa mbili. Mstari wa Mukwala ulikuwa wa kupimwa kwa nyuzi. Robo saa ile haikuhitaji kipimo, kila mtu aliona kwa macho mabeki wanavyoachia nafasi.

Na hapa utani wa jadi unaharibu akili za watu wazima. Usiku wa Pretoria, Simba wengi walisema lile si goli, eti utopolo wanatafuta kisingizio. Usiku wa Amaan, Yanga wengi wakasema Mukwala ameotea mchana kweupe, makolo waache kulia. Ukibadilisha jezi tu, maoni nayo yanabadilika. Shabiki wa namna hiyo hatetei haki, anamtetea jirani asishinde. Halafu anashangaa kwa nini CAF haitishwi na kelele za Watanzania. Itatishwaje wakati nusu ya nchi inashangilia kosa?

Ukitaka kujua jinsi timu zetu zinavyoweza kufa bila msaada wa refa, rudi 2023. Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya USM Alger. Mei 28 kwa Mkapa wakafungwa 2-1. Juni 3 wakaenda Algiers wakashinda 1-0 kwa penalti ya Djuma Shaban, kishujaa kabisa. Jumla 2-2, kombe likabaki Algeria kwa kanuni ya goli la ugenini. Kilichowaua ni yale mawili waliyoruhusu nyumbani. Mwaka huohuo Simba waliifunga Wydad 1-0 Dar es Salaam, wakafungwa 1-0 Casablanca, wakatolewa kwa matuta 4-3. Na matuta si laana ya Watanzania. Aprili 9, 2025, Simba haohao waliipindua Al Masry 2-0 kwa Mkapa kisha wakawatoa kwa penalti 4-1, kipa Moussa Camara akiwa shujaa. Siku ile hakuna aliyekuwa na neno na mwamuzi.

Hiyo ndiyo tabia ya kuangalia. Timu ikishinda, ni ubora wa kikosi. Ikifungwa, ni VAR. Kiongozi wa klabu analijua hilo vizuri sana. Akitoka kwenye mechi aliyopoteza na kumkuta shabiki anamtukana refa, anashusha pumzi. Hataulizwa kwa nini mshambuliaji hakusajiliwa mapema, hataulizwa kwa nini kocha amebadilishwa katikati ya msimu, hataulizwa kwa nini beki wa pembeni amecheza mechi tatu ndani ya siku nane. Atatoa tamko kali, watu watapiga makofi, mambo yataisha.

Kwa shabiki wa Piyaya hili si jambo dogo. Yeye hanufaiki na chochote kwenye mpira isipokuwa ile raha ya kuona timu yake inacheza. Analipa kiingilio cha banda, analipa kifurushi, wengine hununua jezi kwa fedha ya mbuzi. Akishaaminishwa kwamba kila kitu kinapangwa chumbani, raha ile inakufa. Na akishaaminishwa hivyo, hata ligi ya vijana wa kata, ambako refa ni mwalimu wa shule mwenye filimbi moja na hana kibendera hata kimoja, inaanza kunuka ugomvi. Mtoto aliyejifunza kwamba kufungwa maana yake ni kuibiwa hawezi kujifunza kupiga pasi.

Wapo wanaosema dawa ni kuleta VAR kwenye kila uwanja wa Ligi Kuu Bara, ambako mechi nyingi zimechezwa bila chombo hicho. Serikali nayo ilionyesha nia, kwenye bajeti ya 2024/25 ikapendekeza msamaha wa kodi kwa vifaa vya VAR. Hatua nzuri. Lakini kinachohitajika ni zaidi ya gari na runinga. Kinahitaji kamera za kutosha kila uwanja, umeme usiokatika, mtandao imara, na juu ya yote waamuzi waliofundishwa kuitumia.

Chombo kibovu ni hatari kuliko kutokuwa nacho. Afrika iliona hilo Mei 31, 2019, Radès, Tunisia. Fainali ya Ligi ya Mabingwa, Esperance na Wydad. Wydad wakasawazisha, goli likakataliwa, wachezaji wakadai VAR itazamwe. Ikagundulika VAR haifanyi kazi. Mechi ikasimama zaidi ya saa moja, Wydad wakagoma kuendelea, Esperance wakapewa kombe, kesi ikazunguka mpaka mahakama ya michezo ya kimataifa. VAR ilikuwepo kwa jina tu.

Nyumbani imani imeshuka kiasi kwamba dabi ya Yanga na Simba ya Juni 25, 2025, iliyoishia 2-0 kwa Yanga, ilichezeshwa na waamuzi kutoka Misri. Ilitafutwa amani, na ilipatikana. Lakini refa wa Kitanzania anayetazama hilo akiwa nyumbani anajifunza nini? Kamati ya saa 72 imekuwa ikiwafungia waamuzi wanaoboronga, na hiyo ni sawa. Ingefaa pia ieleze kwa lugha nyepesi kosa lilikuwa lipi na uamuzi sahihi ungekuwa upi, kipande kwa kipande, picha ikionekana. Hiyo haihitaji mabilioni. Shabiki wa Piyaya angeelewa, refa kijana wa Karatu angejifunza, na VAR ikija ingekuta watu wanaojua sheria.

Kelele zenye hoja huwa zinazaa matunda. Juni 27, 2010, Bloemfontein, Frank Lampard aliipigia Uingereza shuti lililogonga mtambaa panya, likadunda ndani ya lango la Ujerumani, likatoka. Refa hakuliona. Ungedhani ni Aziz Ki. Malalamiko yale yalisukuma mabadiliko, mwaka 2012 teknolojia ya mstari wa goli ikapitishwa, na Kombe la Dunia la 2014 Brazil ikatumika. Lakini Waingereza wenyewe hawakusahau kwamba siku ile walipigwa 4-1. Goli la Lampard lilidaiwa, na ulinzi uliofungwa manne ukasemwa vilevile.

Mashabiki wa Simba na Yanga wanaweza kufanya hivyo pia. Mechi ikiisha, swali la kwanza liwe la mwamuzi: alikosea wapi, kwa sheria ipi, na nani atatoa maelezo? Likishajibiwa, swali la pili liwe la timu: tulipata nafasi ngapi, tuliruhusu nini, na kwa nini? Anayeuliza la kwanza tu anawasaidia viongozi kujificha. Anayeuliza la pili tu anawaachia waamuzi wafanye wanavyotaka.

AFCON ya 2027 imepewa Tanzania, Kenya na Uganda, na uwanja mpya unajengwa Arusha, mkoa uleule wenye Piyaya. Kuna kijana wa huko ambaye huenda kwa mara ya kwanza akakaa jukwaani badala ya kubanana mbele ya runinga ya sola. Siku hiyo hatakuwa na picha ya kurudiarudia. Mpira ukigonga mtambaa panya na kudunda chini, atakuwa na macho yake, kelele za watu elfu kadhaa, na refa aliyeshika sikio akisikiliza chumbani. Itakuwa vizuri kama kufikia siku hiyo kuna mtu atakayemweleza kilichosemwa chumbani. Na itakuwa vizuri zaidi kama Stars itakuwa imeshafunga mawili ya wazi kabla ya hapo.